Hostia za Muhogo

Ninyi vijana munaopita mbele ya nyumba ya masista na pikipiki zenu, moto wote, vumbi mpaka kwenye madirisha ya kanisa, punguzeni kidogo. Halafu someni. Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, na mukono wangu unajua jembe kuliko kalamu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, wakati wa Wabeleji, hapa Kasongo, na hakuna mutu atakayenifundisha ilivyokuwa.

Musifikiri masista walikuwa watu wa kusali tu. Kusali walisali, kengele yao ililia kuliko jogoo. Lakini jua likipanda kidogo, mumoja alikuwa kwenye dispanseri anafunga vidonda, na mwingine anapima watoto wachanga kwenye mizani, watoto wanamukojolea kanzu na yeye anacheka. Mumoja alikwenda na baiskeli mpaka vijiji vya njia ya Kabambare, kanzu imefungwa kiunoni na kamba, kofia ya jua juu ya shela. Wamama waliacha mashamba wakuje kumuangalia. Wazungu wengine wa wakati ule, tulipowaona tuliingia porini. Huyu tulimukimbilia.

Mimi nilipelekwa kukaa kwao, kwenye nyumba ya mabinti, nikiwa na miaka kumi na miwili hivi. Nilitaka kitu kimoja tu: mashini ya kushona. Ilikuwa moja, nyeusi, ya kuzungusha na mukono, na binti aliyemaliza mwaka bila kufukuzwa ndiye aliyekalishwa mbele yake. Kufukuzwa kulikuwa na sheria yake. Sista mukubwa wa nyumba, muzungu mwembamba ambaye tulimuita Mamere, alisema: ukikosa mara moja, unaonywa, mara mbili, unaonywa, mara ya tatu, unashika njia ya kwenu. Mimi nilikuwa na mbili tayari. Ya kwanza, nililala kwenye rozari nikaanguka na benchi yote. Ya pili, nilimupiga binti mwenzangu na mwiko kwa sababu alitukana mama yangu. Ile ya pili sijaijutia mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa kusaidia kupika hostia, ile mikate ya komunyo. Bwana mukubwa wa kazi ile alikuwa sista mumoja muzee, muzungu pia, munene, mikono kama ya muhunzi. Munafikiri hostia zinashuka kutoka mbinguni? Zinapikwa. Unakoroga unga wa ngano na maji tu, mwepesi kama uji wa mugonjwa. Unapasha chuma cha mikono mirefu juu ya mbabula, lile jiko la makaa, unakipaka nta kidogo, unamimina, unafunga, kinalia tsii, unafungua: mukate mwembamba kama karatasi, na alama ya musalaba. Halafu unakata viduara. Vipande vya pembeni vilikuwa vyetu mabinti, na ndiyo sababu kazi ile niliipenda.

Sasa, mwaka ule kulikuwa na sikukuu kubwa. Mumoja wa masista weusi, mutoto wa hapa hapa Kasongo, aliyetufundisha katekismu, alikuwa anaweka nadhiri zake za daima siku ya Mungu, Jumapili. Askofu alikuja. Watu walitembea kutoka Kabambare na Lusangi na kuku kichwani. Sista muzee alikuwa ameungua mukono, basi akaniambia:

"Wewe iko mukubwa sasa. Unga iko ndani ya debe. Juma ya posho, wewe napika yote. Mimi nakata."

Hivyo ndivyo alivyosema Kiswahili, na tulimusikia vizuri: juma ya posho ni Jumamosi.

Siku moja kabla ya juma ya posho, nikafungua debe. Unga ulinuka unyevunyevu. Mutoto aliyelelewa vizuri na mama yake afanye nini na unga wa namna ile? Anauanika. Kwetu muhogo unaanikwa, unga wake unaanikwa, na mwanamuke asiyeanika tunamuita muvivu. Nikatandika mukeka nyuma ya jiko, nikamwaga ngano karibu yote, nikaisawazisha na kiganja, nikajisifu. Halafu wakatuita kanisani kujaribu nyimbo.

Mvua ikatoka upande wa Lualaba bila kupiga hodi. Tuliporudi, mukeka ulikuwa na uji, na bata wa masista walikuwa wamekwisha kula karamu.

Niliona mashini ya kushona inaondoka mbele ya macho yangu. Nikawaza haraka, na mawazo ya haraka ni mabaya. Katika stoo ya mabinti kulikuwa na unga wa muhogo. Nikautwanga mara ya pili, nikauchunga na kitambaa mpaka ukawa kama poda ya mutoto. Nikachanganya na ngano kidogo iliyobaki chini ya debe. Weupe wake ulishinda ngano yenyewe! Hata nikajiambia: Mungu aliumba muhogo pia, atakataa nini?

Juma ya posho asubuhi nikapika. Za kwanza zilishika kwenye chuma kama gundi. Nikaongeza nta, zikakubali. Sista muzee alikata viduara na mukono wake muzima, akaimba.

"Nyeupe! Nyeupe kama yai! Wewe iko mupishi."

Nikainamia chuma, nikaongeza nta. Sifa ile ilinikaa shingoni kama mufupa wa samaki.

Karibu na saa sita nikapita kwenye baraza. Yule sista wetu wa nadhiri, siku yake ikiwa kesho, bado alikuwa anafundisha watoto wadogo wa komunyo.

"Hostia ni mukate wa nini?"

"Wa ngano, Sista!"

"Na kama hakuna ngano?"

"Hakuna Misa!"

Mutoto mumoja akainua kidole. "Hata muhogo wa mama yangu? Ni mutamu sana."

"Hata muhogo wa mama yako. Wewe unataka Askofu aombe mboga ya sombe juu ya altare?"

Watoto wakaanguka na kicheko. Watu wote wale, wametembea siku mbili, tatu, watapewa muhogo. Na yeye ataweka nadhiri yake ya maisha yote katika Misa isiyo Misa, kwa sababu yangu. Kama ningefunga mudomo, hakuna ambaye angejua. Nikamushika kanzu.

"Sista, hostia za kesho ni muhogo."

"Za nini?"

"Muhogo. Nilianika ngano, mvua ikaila. Na bata."

Aliniangalia. Akanivuta mukono mpaka kwa Mamere, na huko nikarudia yote, mukeka, mvua, bata, kinu. Mamere akachukua hostia moja kwenye kikapu, akaivunja, akatafuna polepole sana.

"Hii ni bugali," akasema.

Sista muzee, pale mulangoni, akafunika uso na mukono uliofungwa bandeji. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanaruka.

Mamere hakucheka. "Ngano inatoka Kindu, na kamio ya mizigo haiko. Nani katika Kasongo ana unga wa ngano leo?"

Sista wetu akasema, "Bibi mumoja wa mutaa wa Waislamu, jirani ya nyumba tuliyokaa nikiwa mudogo. Anapika mikate ya mafuta. Anao siku zote."

"Nenda naye," Mamere akasema, akanionyesha mimi. "Aseme mwenyewe."

Tukaenda mbio mbio. Bibi alikuwa kwenye mukeka wake, mutandio mweupe, mguu mumoja umenyooshwa. Mguu ule ulikuwa na kidonda miaka mingi, na masista wa dispanseri ndio waliokifunga mpaka kikapona. Nikasema yote tena, mara ya tatu siku ile. Akapiga mapaja na viganja viwili.

"Yesu na Maria yenu! Muhogo kwa Askofu!" Halafu akamugeukia sista. "Na wewe, binti, ni kweli kesho unaolewa na Mungu?"

"Ni kweli, Bibi."

"Bwana arusi tajiri vile, na anaomba unga kwangu?"

"Ni mahari, Bibi. Wewe ni wa kwetu, utoe kidogo."

"Mahari inatolewa na mwanaume, mujinga wewe! Nyinyi masista hamujui kitu." Lakini alikuwa amekwisha kuinuka, na akaburuta gunia dogo.

Sista akauliza kwa heshima, "Bibi, unga haukuchanganywa na kitu?"

"Mimi si huyu mutoto wako."

Alikataa malipo. Alisema mguu wake umekwisha kulipa.

Mchana ule masista wote waliingia jikoni, weupe na weusi, hata Mamere, mikono ya kanzu imekunjwa. Jua halijazama, vikapu vilijaa. Kesho yake sista wetu alilala kifudifudi mbele ya altare, akainuka na pete, na wamama wakapiga vigelegele mpaka Askofu akangoja. Bibi alisimama nje kwenye mulango wa pembeni, anaambia kila mutu: mikate ile ni yangu.

Jumatatu, siku ya kwanza ya kazi, nikafunga nguo zangu katika kitambaa, nikaenda kwa Mamere kuaga.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Ni mara ya tatu."

"Mara ya tatu ni ya yule tunayemukamata. Wewe sikukukamata. Fungua kitambaa."

Mwisho wa mwaka nikakaa mbele ya mashini. Zile hostia za muhogo tulikula na karanga wiki nzima.

Nilipopata nyumba yangu, bwana, watoto, na baadaye wajukuu, niliwakusanya wote, hata bwana, nikawapa amri, na inasimama mpaka leo: "Katika nyumba hii, mwenye kuharibu kitu aje aseme mwenyewe kabla hatujakaa kwenye chakula. Na mwenye kusema mwenyewe, mutu asimuguse. Mukaribisheni, ale."