Elieth na Nota za Anjelina

Watu wa kwaya yetu wanaimba kwa karatasi na hawajui zilitoka wapi. Wanasema zilitoka kwenye mashine. Zilitoka kwa Elieth. Ndiyo maana naandika.

Elieth ni mtu wa Kibaigwa. Baba yake ni dalali wa mahindi pale sokoni. Yeye hakutaka mahindi. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kuchapa, na mwaka 1995 akapata kazi Dodoma mjini kwa Yahaya, mwenye ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Miaka ile vitu vilikuwa vinaingia nchini kila siku. Yahaya alileta kompyuta moja kutoka Dar es Salaam, imetumika Ulaya mpaka imepata rangi ya meno ya mzee. Watu walikuja kuitazama tu. Elieth alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kinene kilichokuja nayo. Alikisoma huku anatafuna karanga, na kila akifunua ukurasa anapuliza maganda.

Mimi nilikwenda kwake na kaunta buku ya mke wangu.

Anjelina alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu huku Makutupora, miaka ishirini na miwili. Nyimbo alitunga mwenyewe, za Kigogo na za Kiswahili, akaziandika kwa nota za herufi, do, re, mi, sauti zote nne. Mimi shule sikwenda. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo, kwa sababu yeye alinisukuma. Nota sikuwahi kuzijua. Nyimbo nilizijua. Alikuwa anazitungia jikoni, nami nipo nje nanoa mkasi wa kupogolea mizabibu.

Alifariki mwezi wa saba, mwaka 1996. Mchwa wakaingia kwenye sanduku lake. Nilipolitoa daftari, pembe zote zilikuwa zimeliwa. Kurasa nyingine ukizishika zinabaki mkononi. Na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia, siku ya kumbukumbu na kusimamisha msalaba kaburini. Thobias, aliyeshika kwaya baada yake, alinieleza wazi. Wanakwaya wapya wanajua sauti ya kwanza tu, na daftari lile haliwezi kupita kwenye mikono ya watu arobaini. Akipata karatasi Ijumaa, watafanya mazoezi wiki nzima, wataimba nyimbo za Anjelina. Asipopata, wataimba za kitabuni.

Nilimwambia kwamba kwenye kaburi la Anjelina haziimbwi za kitabuni.

"Basi mzee, lete karatasi," akasema.

Nilifika kwa Yahaya Jumatatu asubuhi. Yahaya ni Mnyamwezi, mtani wangu. Aliponiona mlangoni akaniuliza:

"Mgogo, leo unachunga daftari? Ng'ombe umemwachia nani?"

"Nina mzigo," nikamjibu. "Natafuta Mnyamwezi wa kuubeba."

Akacheka, akanipa kiti. Lakini alisema mapema kwamba mashine ni yangu mpaka Ijumaa saa nane mchana. Baada ya hapo kuna kazi za watu wa Bunge, kikao cha bajeti, na hizo hazisubiri.

Elieth aliniamkia, akapokea daftari kwa mikono miwili. Alilitazama sana. Akanieleza kwamba kuchapa nota kwa kawaida ni taabu, sauti nne lazima zikae moja chini ya nyingine, ukigusa moja zote zinahama. Yeye ataiandikia mashine maagizo, nota zikiwa ndani ya maagizo hayo, na mashine izipange yenyewe, kipande kwa kipande, iziandike kwenye faili. Halafu faili linachapwa. Nilielewa kidogo. Nilichoelewa vizuri ni kwamba hakuogopa.

Jumanne wimbo wa kwanza ukatoka, umenyooka kama matuta ya trekta. Nilisimama. Yahaya mwenyewe alikuja kuishika ile karatasi.

Wimbo wa pili ukakatika katikati. Kwenye kioo kukatokea maneno ya Kizungu. Nikauliza yanasemaje.

"Inasema kuna kitu haikielewi, babu. Kitu gani, haisemi. Inalalamika tu."

Akabadilisha flopi, akidhani imejaa. Ukakatika. Akaandika upya maagizo yote, akisoma kila neno kwa sauti. Ukakatika palepale. Wa tatu ukapita mzima. Wa nne ukafia mstari wa kwanza. Tulikaa hivyo mpaka Jumatano ikaisha, yeye anaingiza nyimbo, nyingine zinapita, nyingine zinakufa. Yahaya akasema hicho kitakuwa kirusi, bora amchapie mzee nyimbo tatu kwa mkono waachane na mambo hayo. Elieth akaingiza wimbo mwingine. Alikuwa na macho ya mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Alhamisi nilifika kabla hajafungua mlango. Usiku sikulala, nilikuwa nimewaza jambo. Nikamwomba anichapie zile nyimbo zilizokatika, kila moja mpaka pale ilipofika. Akanipa karatasi tano. Nota zilinipita, lakini maneno chini yake nilikuwa nayasoma. Nikaanza kuimba polepole, kidole kikifuata neno. Nikaimba wa pili hadi karatasi ilipoishia. Nikaimba wa nne. Kwenye wa saba nikasimamisha kidole.

"Binti," nikasema, "inakufa pale anapopanda."

"Nani anapanda?"

"Anjelina. Kila ilipokatika, neno linalofuata sauti inapanda juu kabisa. Zile nyimbo za chini zimepita zote."

Elieth akalivuta daftari. Akatafuta neno lililofuata kwenye wimbo wa pili. Palikuwa na herufi d, na juu yake, kwa pembeni, kijiti kidogo cha wino. Akaenda wa nne. Herufi d, kijiti. Wa saba. Herufi r, kijiti. Akaniuliza kijiti hicho ni cha nini, kwa maana yeye alikuwa anakinakili tu kama alivyokiona. Nilimkumbuka Anjelina akiwafundisha wasichana uani kwetu: chenye kijiti ni cha juu. Nikamwambia.

Akapiga paja. Akawa anaeleza haraka, maneno yanagongana. Kwenye maagizo ya mashine, maneno yote ya kuandikwa yanafungwa kwa kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Kijiti kilekile. Sasa mashine ikikikuta cha Anjelina, inadhani maneno yameishia hapo. Yanayofuata inayaona takataka, inagoma.

"Huyu mama anaifungia mlango katikati ya wimbo," akasema.

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Akabadilisha vifungio. Badala ya kijiti kimoja akaweka vijiti pacha, vile viwili vinavyokaa pamoja. Wa pili ukapita. Wa nne ukapita. Wa saba. Tukawa tunahesabu kwa sauti, mimi, yeye na Yahaya, na mteja mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya cheti akasahau kilichomleta. Kumi. Kumi na tatu. Kumi na tano. Wa kumi na sita ukakatika.

Elieth akanigeukia, akanipa karatasi. Nikauimba. Haukuwa umepanda popote, ni wimbo wa Kwaresima, uko chini tangu mwanzo. Lakini pale ulipokatika ndipo wanaporudia mstari wa juu, nikamwambia hivyo. Tukaangalia daftari pamoja. Anjelina kwa kubana wino hakuandika zile nota mara ya pili. Chini ya kila nota aliweka vijiti pacha tu, maana yake kama ilivyo juu.

"Kaufunga tena," Elieth akasema. Safari hii alisema kwa heshima.

Akarudi kwenye kitabu kinene. Alisoma mpaka Yahaya akataka kufunga ofisi. Kurasa za nyuma kabisa akakuta jedwali: kila alama ya mashine ina namba yake. Akanionyesha kwa kidole. Kijiti kimoja ni thelathini na tisa. Vijiti pacha ni thelathini na nne. Basi alama tusiiandike kabisa, akasema. Kila inapokuja tutaje namba yake, mashine iichore yenyewe. Namba haifungi kitu.

Ijumaa saa mbili asubuhi akaanza upya tangu wimbo wa kwanza. Hakula. Karanga zilibaki kwenye gazeti. Kufika saa sita printa ilikuwa inalia kama cherehani nne kwa pamoja, karatasi ndefu yenye matundu pembeni inashuka, nami naipokea isiguse sakafu. Wa kumi na sita ulipita nikiwa nimefumba macho. Thobias akaingia saa saba, Yahaya akamwambia akae, asimsemeshe mtu.

Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Nikajua tumemaliza. Nyimbo zake ni ishirini na sita, nazifahamu zote. Printa ikaendelea.

Nikamwambia Elieth mashine inarudia.

"Hairudii, babu. Kuna mmoja ukurasa wa mwisho, umeandikwa kwa penseli. Mwandiko umelegea kidogo."

Nikafunua. Kweli ni penseli. Niliinunua mimi, kwenye kibanda nje ya hospitali, wiki ile ya mwisho. Aliniomba penseli nikadhani anataka kuandika barua.

Elieth akaniambia niuimbe, aone kama umefika wote. Nikamwambia siwezi. Sijawahi kuusikia.

Akakata karatasi, akampa Thobias. Thobias aliisoma kimya kwanza, midomo inatembea. Yahaya akazima redio. Kisha Thobias akaimba sauti ya kwanza, chini kwa chini, palepale ofisini, macho kwenye karatasi. Wimbo ule ulikwenda juu mapema, mstari wa pili tu, ukakaa huko muda mrefu kabla ya kushuka. Elieth alikuwa nyuma ya bega lake analinganisha na daftari, nota kwa nota, mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa kwamba zimo zote.

Saa nane ilikuwa imepita. Yahaya hakuidai mashine yake.

"Huu ndio tutakaoanza nao," Thobias akasema.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia auimbe tena.