Hesabu Zangu Ndizo Zinazomuumiza Mwanangu Shingo

Mtunza ukurasa, jina langu lifiche, na la shule usilitaje, maana huku wilayani Manyoni tunajuana. Nina miaka arobaini na tisa, mke mmoja, watoto watano na mashine ya kusaga. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Nilianza na matenga mawili ya kuku, nikiwauzia abiria wa treni, na watu binafsi waliporuhusiwa kufanya biashara nikawa mtu wa kwanza kijijini kwetu kuwa na mashine yake mwenyewe. Kilichonifikisha hapo ni hesabu. Na hesabu hiyo hiyo ndiyo imeniletea balaa ninaloliandika leo.

Shule ya sekondari anayosoma kijana wangu wa pili inacheza raga. Wengi wenu hamjauona mchezo huu. Mpira wake una umbo la yai, unashikwa kwa mikono na watu wanaangushana. Aliuleta mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, akaondoka, akamwachia timu mwalimu wetu kijana wa jiografia. Ndani yake kuna kitu wanakiita skramu: wavulana wanane kila upande wanainama, wanafungana mabega, wanasukumana vichwa vikiwa chini na mpira katikati. Kijana wangu ana miaka kumi na minane na amebeba magunia mashineni tangu mdogo, kwa hiyo amewekwa mstari wa mbele. Wenzake wanamwita Maksai. Maana yake anaijua, na anacheka nao.

Niseme ukweli, raga ndiyo iliyombakiza shuleni. Kaka yake alikimbilia Mererani kwenye machimbo, mwaka wa tatu huu hatujapata hata barua. Huyu naye alikuwa ameshafunga begi. Ule mpira ukamrudisha.

Nilikuwa nikienda kutazama na daftari. Naandika kila pointi imetokana na nini. Baada ya mechi sita tulikuwa na pointi 84, na mwalimu bado anahubiri kukimbia na mpira. Kwenye kikao cha wazazi nikasimama nikamwambia anajidanganya. Pointi 51 zilitokana na mateke 17 ya adhabu, na katika hayo, 11 tulipewa baada ya skramu kuanguka na mwamuzi kuwalaumu wapinzani. Kukimbia kote kule kulileta 33 tu. Wazazi wakapiga makofi. Mmoja akasema huyu mwenye mashine angesomeshwa angekuwa waziri. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwalimu akaliomba daftari, akaenda nalo. Alichofanya nalo sikukitarajia. Aliwafundisha vijana kuiangusha skramu makusudi. Maksai anapiga goti, anamvuta mpinzani wake chini, na mwamuzi akiwa upande wa pili anadhani mpinzani ndiye aliyeanguka. Tumecheza mechi nne kwa mtindo huo, tumeshinda zote. Lakini mimi sikuacha kuandika. Zamani skramu ilianguka mara 19 katika mechi sita. Sasa imeanguka mara 38 katika mechi nne, na mara 31 aliyekuwa chini kabisa ni mwanangu, uzito wa wenzake ukimshukia shingoni.

Likizo hii amekuja nyumbani. Mama yake alimwita kwa nyuma, akageuka kichwa na mabega kwa pamoja, mzima mzima, kama ng'ombe aliye kwenye nira. Anasema mkono wa kulia unamfa ganzi. Zahanati walimpa dawa ya kuchua, wakasema apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha. Amekataa. Anajua picha itamtoa kwenye timu.

Nikaenda kwa mwalimu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akaagiza chai. Nikamwekea hesabu mpya mezani. Alizisoma zote bila haraka, kisha akasema, "Mzee wangu, mbinu hii uliileta wewe, mbele ya wazazi wote. Nikiiacha leo tukafungwa, nitawaambia nini?" Nikamjibu kwamba nilihesabu pointi, sikuhesabu shingo. Akasema kwa upole kuwa kila mzazi humhurumia wake, na kwamba Maksai mwenyewe hajalalamika.

Nikamrudia mwanangu mwenyewe nyumbani. Nikamwambia nitakwenda kwa mkuu wa shule. Hakupandisha sauti.

"Baba, wenzangu wanaiita mbinu ya baba yake Maksai. Wewe ukienda kuikana, mimi nitakaa nao vipi bwenini? Na ukinitoa kwenye timu, naenda Mererani kumtafuta kaka."

Mama yake aliposikia Mererani alinivuta shati ninyamaze. Baadaye akaniambia heri shingo inayouma kuliko mtoto asiyeonekana. Hatujaelewana mpaka leo. Mke wangu namheshimu, lakini hakuwepo uwanjani kuona wanavyomwinua.

Mechi ya mwisho wa muhula itachezwa Kilimatinde, wiki sita zijazo. Kwa wastani wa sasa, siku hiyo mwanangu atakuwa chini kabisa karibu mara nane. Nimepiga hesabu zote ninazozijua, na hakuna inayoniambia ni ipi kati ya hizo nane hatainuka.

Msimu wa kulima, kila jioni nikifungua nira, napitisha mkono kwenye shingo ya kila maksai. Nikikuta uvimbe au joto, kesho yake halimi, hata kama mvua zinatupita. Ndivyo baba yangu alivyonifunza, na sijapoteza maksai hata mmoja. Juzi nilinyoosha mkono nimguse mwanangu pale pale. Akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Niko salama, baba," na alipokuwa akisema hivyo alinigeukia kwa mwili mzima.

Ninyi mliolea vijana wakubwa, nisaidieni. Nimtoe nimpoteze, au ninyamaze niendelee kuhesabu?