Nilivyomnyamazisha Senge

Vijana wa chuo pale Bukura huniuliza jeshi lilinifunza nini kuhusu kuongoza watu. Huwajibu upesi: fika mapema, kula mwisho, maliza ulichoanza. Habari za mazishi ya baba mdogo siwaambii.

Niliacha shule mapema, nikazurura, kisha jeshi likaniokota na kunizungusha zaidi. Nilijua mito ya nchi za watu na jinsi wanavyooka mikate yao. Desturi za kwetu Matungu nilizijua nusunusu. Baba mdogo alipofariki mwaka jana bila kuacha mtoto wa kiume, ukoo ukasema sajini mstaafu ndiye ashike kipaza sauti. Nikafurahi. Nikapanga kila kitu kwa saa, maana mvua ya kwetu haikosi alasiri.

Senge, ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, dada ya marehemu, alikuwa wa mwisho kusema. Walikuwa wamenuniana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba la miwa. Kwetu, mwenye neno na marehemu hulisema sanduku likiwa bado juu. Likishafukiwa, amechelewa. Watu wote uwanjani walijua amekuja kuomba msamaha. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Alianza mbali, utotoni mwao, jinsi kaka yake alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto. Akasimulia, akanyamaza, akasimulia tena.

"Senge, fupisha."

"Ngoja kidogo, baba. Bado sijafika."

Nikachukua kipaza sauti mkononi mwake, kwa adabu kabisa, nikaamuru sanduku lishushwe. Alibaki ameinua mkono. Kisha akarudi kwenye kiti chake. Hakuna aliyepiga kelele, nami nikadhani huo ni utiifu.

Mvua ilinyesha tumeshamaliza. Binamu yangu akanijia akicheka kwa mdomo tu. "Afande, umebakisha kumwambia marehemu mguu sawa." Ndipo akanieleza Senge alikuwa anaelekea wapi.

Nilimkuta jikoni kati ya wanawake. Nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwambia nimekosa, na kama kuna namna ya kurekebisha, anitume.

"Hakuna," alisema. "Mimi nitazoea. Yeye ndiye uliyemnyima. Alikuwa ananingojea."

Jeshini ningepewa adhabu, niimalize, tusahau. Senge alinawa mikono, akapakua obusuma, ugali wa kwetu, akachagua kwenye sufuria ya kuku na kuniwekea firigisi. Kwetu hiyo ni ya mwenye boma, na mwenye boma tulikuwa tumetoka kumzika.

"Senge, hii siwezi."

"Kwani nani mwingine amebaki hapa? Kula."

Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, mpaka nikaila.