Jumapili Askari Hakuamka Kukojoa

Niliporudi kutoka misa nilimkuta mama mwenye nyumba wangu uani, amechutama, anasugua mikono kwa udongo.

Akamwaga maji. Akasuuza. Akamwaga tena.

Nikasimama kwenye ukumbi nikahesabu. Mara saba.

Nyuma yake mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, na juu ya meza pale ilipokaa cherehani hapakuwa na kitu.

Jamani, aliyewahi kupanga nyumba moja na Waislamu anaelewa. Mtu akiosha mikono mara saba, na mojawapo kwa udongo, ujue kagusa mbwa, tena mbwa mwenye majimaji.

Na nyumba nzima ile mbwa alikuwa mmoja tu. Wangu.

Hii ni Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, mwaka 1954. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na tayari mjane. Mume wangu Aristides alikufa kwa homa, akaniachia rozari yake na cherehani ya mkono.

Cherehani ile ndiyo iliyonifanya nibaki mjini. Nilikuwa nashona kaptula za shule za duka la Kanubhai. Asubuhi nachukua vitambaa, jioni narudisha kaptula.

Kwetu Rombo, mjane asiye na riziki yake hurudishwa kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mume, na mmoja wa ndugu wa marehemu humchukua. Shemeji yangu Anselmi alikuwa na mke tayari. Nilimwambia nina kazi, siji. Akasema sawa, siku kazi ikiisha, njoo.

Kwa hiyo bila cherehani, mimi mke wa pili wa Anselmi. Ilikuwa hivyo, bila kona kona.

Mwezi mmoja kabla ya Jumapili ile, dada Hyasinta alikuja na kikapu.

Hyasinta hatukuzaliwa pamoja, lakini nilimwita dada na moyo ukakubali. Wa kijiji kimoja na mimi. Ndiye aliyenishika bega siku ya kipaimara changu, ndiye aliyenifunga kitambaa cha msiba. Alikuwa yaya kwa Wazungu kule Uzunguni.

"Mbwa wa memsahibu kazaa," akaniambia. "Nimekuletea huyu. Mwanamke peke yako na cherehani ndani, wezi wa Kariakoo unawajua."

Nikafunua kikapu. Kijibwa cha rangi ya chai, tumbo kama chungu, amelala fofofo.

Nikamwita Askari.

Mama mwenye nyumba, Bi Mboni, hakupendezwa. Mmanyema yule, mswalihina, hana mchezo na dini yake. Lakini ana roho.

"Mwanangu Severa, sikukatazi. Akae uani, asivuke kizingiti changu, asitie mdomo kwenye vyombo vyangu. Mate yake kwetu najisi."

"Nimesikia, Bi Mboni."

"Halafu askari gani huyu? Mbona analala zamu zote?"

Na kweli alikuwa analala! Anakula, amelala. Anacheza kidogo na kandambili yangu, anaanguka hapo hapo, amelala na kandambili mdomoni. Nikaingiwa na hofu. Nikadhani mgonjwa, au kuna jicho la mtu.

Nikamuuliza Hyasinta.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Mdogo wangu, huyo ni mtoto mchanga! Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hulala saa kumi na nane kwa siku, hata ishirini. Ndiyo anakua hivyo. Memsahibu anasoma kwenye vitabu. Usimwamshe, utamdumaza."

Mimi nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini kuhesabu najua. Nikamfuatilia siku tatu kwa adhana na kengele ya kanisa, nikichora mistari ya mkaa ukutani. Ikatoka saa kumi na tisa siku ya kwanza, kumi na nane ya pili, kumi na tisa tena.

Hyasinta alisema kweli.

Nikaona na jambo lingine ambalo yeye hakunitajia. Askari halali mfululizo. Analala kama saa moja, mbili hivi, anaamka, anayumba mpaka pembeni mwa karo la maji machafu, anakojoa, anatafuta bakuli, anang'ata kandambili, kisha analala tena. Mchana hakuwahi kupitisha saa tatu bila kukojoa.

Na akiwa macho, mtu akisukuma mlango wa ua anabweka kwa sauti kama filimbi. Akimwona Hyasinta ndiyo kabisa! Analia kwa furaha mpaka majirani wa upande wa pili wanachungulia juu ya uzio.

Sasa turudi Jumapili ile.

Alfajiri Hyasinta alipita na maini ya kukaanga kwenye karatasi. Harufu yake, jamani! Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu usiku, kwa ajili ya komunyo. Tumbo likanguruma.

"Ya Askari hayo," akasema. "Mabaki ya Wazungu. Mpe ukitoka, ashibe alale."

"Huji misa, dada?"

"Wana wageni leo. Niombee."

Nikampa Askari kwa mkono wangu, yeye anatikisa mkia. Nikafunga mlango, ufunguo nikauweka juu ya mwimo kama siku zote. Waliojua mahali pale ni wawili tu, Bi Mboni na Hyasinta. Saa mbili nikaenda misa.

Na nikamwombea kweli.

Narudi saa sita, ndiyo nakuta niliyowaambia.

"Bi Mboni! Umemfanya nini mbwa wangu?"

Akageuka, mikono inachuruzika maji. "Shikamoo imekufa siku hizi?"

"Umemgusa! Nimekuona, umeosha mara saba! Umempa sumu anyamaze, ukaingia chumbani kwangu!"

Wapangaji wengine walikuwa sokoni kwenye meza zao, lakini nyuso za majirani zilijaa juu ya uzio. Mmoja akasema, "Haya, leo kuna kazi."

Bi Mboni hakupandisha sauti. Na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Ndiyo, nimemgusa. Nimetoka hitimani mtaa wa Gerezani sasa hivi. Nimemkuta kalala juani, kinywa kimejaa matapishi, anakabwa nayo. Nimetia kidole hiki kooni mwake nikayatoa. Nimembeba nikamweka kivulini. Ungetaka nimwache afe, kwa kuwa mimi nina dini?"

Nikaenda kutazama.

Askari alikuwa kweli kivulini, juu ya gunia, anapumua kwa shida. Nikamtikisa. Kichwa kikaning'inia.

"Si analala tu huyo?" jirani akauliza. "Kila siku analala."

Nikapapasa gunia. Kavu. Nikaenda pembeni mwa karo. Pakavu. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita hakukojoa hata tone.

Ule haukuwa usingizi wake.

Bi Mboni akanionyesha matapishi kwa kijiti. Vipande vya maini. Ndani ya maini, chembechembe nyeupe, kama chaki iliyosagwa.

"Nani kampa nyama?" akauliza.

"Mimi."

"Na wewe kakupa nani?"

Nikakaa chini.

Bi Mboni akasema, "Ngoja nichukue buibui langu. Anakaa wapi huyo dada yako Jumapili?"

Tukamwachia jirani Askari, tukaenda kwa miguu hadi Buguruni. Kule kulikuwa na mama mmoja wa kwetu auzaye mbege, pombe yetu ya ndizi, na kila Jumapili mchana Warombo wa mjini hukutana kwake. Hyasinta aliyesema ana wageni kazini alikuwa hapo, kwenye benchi. Kando yake shemeji yangu Anselmi, na miguuni kwake kitu kimefungwa kwa khanga. Mpini wa cherehani umechomoza.

Anselmi akaniona, akasimama anatabasamu.

"Shemeji, karibu! Nilidhani tutakutana kituoni. Basi linaondoka alfajiri."

"Basi gani?"

"La kwetu. Si umekubali kurudi? Dada kaniandikia barua nije nikuchukue. Leo kanitangulizia na cherehani, kasema umeitoa mwenyewe."

Nikamtazama Hyasinta. Akatazama kata yake ya mbege.

Nikadhani nimeelewa. Nikadhani ameniuza kwa shemeji, kwa mbuzi au kwa ahadi ya shamba. Kumbe bado.

Bi Mboni akagonganisha viganja. "Haa! Ndiyo maana Ijumaa ulinijia ukaniuliza chumba cha Severa kitakuwa wazi lini! Nikadhani mzaha."

Benchi lote likageuka.

"Chumba?" nikasema. "Dada, chumba?"

"Wazungu wangu wanarudi kwao mwezi ujao," Hyasinta akasema, bado anatazama mbege. "Kazi ikiisha na kibanda cha yaya nakihama. Chumba Kariakoo unajua wewe mwenyewe hakipatikani."

"Ungeniambia tungelala wote."

"Kwa muda gani? Wewe una kihamba kinakungoja. Mimi mume alinifukuza kwa kutozaa, baba kafa, kaka hanitaki. Nirudi kwa nani?"

"Na Askari?"

"Angeniona angepiga kelele. Unajua anavyonipenda." Akazungusha kata mkononi. "Ni vidonge viwili tu vya usingizi vya memsahibu. Nilijua utaona kalala, hutashangaa. Nilikuwa nimekwisha kukuambia wanalala sana."

Mungu anisamehe, nilitamani kummwagia ile mbege usoni. Sikummwagia. Nilishika rozari ndani ya khanga mpaka shanga zikaniumiza.

Anselmi alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo hadharani. "Shemeji, naapa sikujua. Mimi nilifurahi tu."

"Basi furaha yako," Bi Mboni akasema, "iinue hiyo cherehani iibebe mpaka Sikukuu. Sisi tumechoka."

Akaibeba kichwani, Buguruni mpaka Kariakoo, mwanamume mwenye koti la safari. Alfajiri akapanda basi peke yake.

Askari aliamka magharibi. Akayumba, akasimama, akakojoa mkondo mrefu, akadondokea miguuni mwa Bi Mboni. Bi Mboni akavuta miguu, akasema, "Lahaula! Nipe ndoo," na akacheka. Nilimpigia magoti nikamwomba radhi kwa yale maneno. Akanipa mkono, ule ule.

Haya, mnaosoma. Mwenye kijibwa, akilala saa kumi na nane mwache alale, ni afya yake. Lakini asipoamka kukojoa wala kula, usimsikilize mtu, kimbia na mbwa wako kwa daktari.

Na kuhusu binadamu: Hyasinta hakuwahi kunidanganya juu ya usingizi. Alinipa ukweli mtupu, kisha akajificha nyuma yake. Mimi nikamtuhumu aliyechafuka mikono, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua nani wa kwangu na nani si wa kwangu. Kosa hilo ni langu, silipeleki kwa mtu.

Hyasinta alipata chumba Ilala mwishowe. Jumapili tulikuwa tunakutana kanisani, yeye mstari wa mbele, mimi nyuma. Nilimsikia akisali Baba Yetu kwa sauti, anaimaliza yote.

Mimi miezi minne nilikuwa nikifika "kama tunavyowasamehe" nanyamaza, nasubiri wenzangu wapite, naungana nao mbele.