Neno Lililongojewa Pinga

Mimi ni kifungua mimba wa Papa, na katika ukoo wetu kule Pinga mgonjwa mtu mzima hahamishwi mpaka kifungua mimba aseme. Akifia njiani, watu watauliza nani alimtoa, na hakuna baba mdogo anayetaka swali hilo mlangoni kwake. Cheo hicho nilikipenda. Hata nilipokuwa nchi ya watu nikicheza sataranji, nilitaka nyumbani wajue kwamba msemaji bado ni mimi.

Wakati huo nilikuwa nimewapiga wote walionifunza, kuanzia Kitshanga hadi Goma, kwa hiyo nilianza kwenda kutafuta wakali Kampala. Mara ya kwanza nilipigwa karibu kila siku, mara moja na mama aliyekuwa akila karanga na wala haangalii ubao. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikasoma, nikaenda tena. Mara ya tatu, ambayo ndiyo hii, nilikuwa nimeanza kushinda.

Siku moja asubuhi dada yangu aliniandikia kwamba Papa amejikata mguu kwa panga shambani, kidonda kidogo, kimefungwa. Nikamjibu kama chifu: "Musifanye kitu bila mimi kusema." Nikaendelea kunywa chai yangu.

Siku mbili baadaye nikapangiwa mzee mmoja mpole mwenye tai, bingwa ambaye michezo yake nilikuwa naisoma kwenye simu. Kabla ya kuanza, mwamuzi alikusanya simu zetu zikiwa zimezimwa, kila moja kwenye bahasha yake, akaziweka kwenye meza karibu nasi. Yangu sikuizima, niliinyamazisha tu. Pinga mtandao unashikwa kilimani, na mtu akipanda kule kukuita, hapandi bure.

Katikati ya mchezo niliona bahasha yangu inatikisika. Mwamuzi alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Sheria naijua: ukienda kupokea, umeshindwa. Na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa namzidi bingwa. Nikajidanganya kwamba ni rafiki anauliza matokeo. Bahasha ikatikisika tena. Nikabaki kitini. Mara ya tatu ilikuwa fupi.

Nikamshinda. Mzee alinipa mkono akanisifu, lakini hata sikumsikia vizuri, nilikuwa naikimbilia bahasha. Simu tatu, zote za dada. Nikapiga, haipatikani. Nilipiga mpaka chaji ikaisha. Neno lilikuwa tayari mdomoni na hapakuwa na mtu wa kulisikia. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Uongo. Mimi sikuwepo, na langu ndilo watu wazima walikaa wakilingojea.

Kesho yake asubuhi dada alipanda tena kilimani.

"Kaka, jana tulikuita sana. Muganga alisema Papa aende Kitshanga palepale, muguu iko inaoza. Baba mudogo njo alikatala. Alisema wewe ulikataza."

"Mumupeleke! Mumupeleke sasa hivi!"

"Pikipiki ilikuwa jana, kaka. Leo mvua imeharibisha njia. Tutamubeba."

Nilibaki nimeshika simu katikati ya jiji la watu, sina mabega ya kuwasaidia kubeba. Walimbeba kwa machela mpaka walipopata pikipiki mbele. Hospitalini wakamkata mguu chini ya goti. Nilipofika sikumwuliza daktari kama ile siku moja ingeuokoa.

Papa hanilaumu, na hilo ndilo linanimaliza. Wageni wote anawaambia kwamba mtoto wake alimpiga mukubwa wa Kampala. Kila nikifika anaagiza ubao uletwe, anapanga kete mwenyewe, ananisogezea.

"Nionyeshe ile ulimupiga."

"Nimesahau, Papa. Ni zamani."

Anacheka, anasema nazeeka kuliko yeye. Lakini mcheza sataranji hasahau mchezo kama ule. Naukumbuka wote, kete kwa kete, na bahasha ilipotikisika mara ya pili nilikuwa nimeinua farasi, sijamweka bado.