Mchanga wa Pakiti

Kosa langu la kwanza katika safu hii lilikuwa mchanga mweupe. Niliwashauri wasomaji wanaofuga samaki wa mapambo waununue, nikausifu kwa aya tatu nzima. Fundi wa plasta aliyenisahihisha amefariki, tumemzika Alhamisi iliyopita kijijini Katelembo, na mpaka anaingia kaburini sikuwa nimewaambia kwamba ni yeye.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua nilivyo. Ufugaji nilijifunza mwenyewe kwenye simu, na aliyejifunza mwenyewe huishi na hofu kwamba siku moja ataulizwa cheti. Nilitaka wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu, wanaopenda maji laini yenye asidi kidogo. Nikakinga maji ya mvua, nikatumbukiza majani makavu ya mpera, nikapima pH, kiwango cha asidi, asubuhi na jioni hadi kipimo kikatulia kwenye sita na nusu. Kisha nikaenda Nairobi kununua mchanga unaong'aa kama sukari, kwa sababu tu pakiti ilikuwa na picha ya samaki anayetabasamu. Wiki mbili baadaye kipimo kilikuwa kinakaribia nane na samaki wanakufa mmoja mmoja. Nilinawa mikono mara tatu kabla ya kugusa tangi, nikiamini kosa liko kwenye sabuni. Halafu nikarudi Nairobi kununua pakiti ya pili.

Nilikuwa nimeiweka mezani kwenye kibanda cha samaki wa kukaanga mjini Machakos. Fundi, ambaye tulijuana kwa salamu tu, alikuwa mbele yangu na tilapia yake.

"Hiyo ni nini, kijana?"

"Mchanga, fundi. Nimetoa Nairobi."

Akaacha kutafuna. "Nairobi wanakuja kubeba mchanga hapa kwetu na malori. Na wewe unaurudisha na karatasi?"

"Huu ni wa samaki."

"Na samaki wa Mto Athi wanalalia nini? Godoro?"

Mama mwenye kibanda alicheka mpaka akasahau karai lake motoni. Fundi alirarua pakiti bila kuniomba, akamwaga mchanga kidogo ukingoni mwa sahani, akaukamulia limau la samaki wake. Ukatoa povu.

"Unaona? Hii ni chokaa imevaa suti. Mimi nimepaka chokaa kabla uzaliwe."

Kumbe yalikuwa makombe na matumbawe yaliyosagwa, na chokaa yake ilikuwa ikiyeyuka polepole na kuimaliza asidi yangu. Fundi alinivusha barabara hadi kwenye rundo la mchanga wa mto alikokuwa akijenga, akatia punje chache mdomoni, akatafuna, akatema. "Ukilia kwa meno bila kuacha tope, uko safi. Osha, weka limau. Ukinyamaza bila povu, wape samaki wako."

Samaki wanne walipona. Nami nikaandika hapa: "Baada ya utafiti wa kina, nimebaini..." Fundi alisoma gazeti kila Jumamosi. Tulipokutana aliniambia, "Nimeona utafiti wako. Unanuka tilapia." Hakuurudia tena mzaha huo, na hilo ndilo lililoniuma. Kila wiki niliahidi kumtaja, kila wiki nikaahirisha nikitafuta sentensi isiyo na dosari.

Tuna tabia ya kuamini kitu kikishafungwa. Malori yanaondoka na mito yetu mchana kweupe tukiyapisha. Tukirudishiwa kilo mbili zenye picha, tunashukuru kwa maendeleo. Watu nao tunawapima hivyo hivyo. Mazishini mheshimiwa mmoja alifika kwa kuchelewa, akasoma kwenye karatasi kwamba marehemu "hakubahatika kusoma," kisha akatueleza kwa dakika arobaini alikosoma yeye.

Alipomaliza, vijana walikuwa wakichanganya saruji ya kufunika kaburi, na mchanga wao ulikuwa mwekundu mno. Niliokota punje nikatafuna. Ulikuwa tope tupu.

"Huu uko na udongo," nikasema. "Uoshwe kwanza."

Kijana aliyeshika koleo alinitazama viatu. "Kwani wewe ni fundi?"

"Hapana. Huyu ndiye alinifunza," nikaonyesha kaburini.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema mbele za watu. Kijana alitafuna naye, akatema, akaitisha karai na maji. Mchanga ulioshwa mara tatu. Mheshimiwa alikuwa na haraka, akangoja.

Tangi langu sasa lina mchanga wa mto. Na siku hizi nikifunzwa jambo, naandika kwamba nilifunzwa.