Nyota Mbele ya Mkwaju

Shangazi yangu alikuwa na kibanja kimoja tu, kule Izigo, na upande wake wenye mibuni aliupoteza kwa sababu ya alama niliyoiondoa mimi mwenyewe. Nimekaa na jambo hili miaka mingi nikingoja kupata namna nzuri ya kulisema. Sijaipata. Basi nitalieleza polepole, kama nilivyozoea kuwaeleza wenzangu kazi, na wewe unayesoma utanielewa bila shida, maana si jambo gumu. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba halikuwa gumu.

Kibanja, kwa asiyetoka kwetu, ni shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati na makaburi ya wenyewe humo humo. Zamani za machifu, vibanja vingi vilikuwa chini ya wakubwa, na utaratibu huo uliitwa nyarubanja. Wewe ulilima, ukapeleka mikungu ya ndizi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mkubwa, na siku akikuchoka aliweza kukuondoa pamoja na sufuria zako. Mume wa shangazi alilima hivyo mpaka akafa. Shangazi naye akaendelea kulima peke yake, hana mtoto wa kiume, binti zake wawili wameolewa mbali. Mikungu ya mkubwa aliibeba kichwani.

Baada ya Uhuru serikali ilisema mambo hayo basi: anayelima ndiye awe mwenye kibanja. Kila kijiji kikaambiwa kiandike orodha. Baraza la kule kwa shangazi lilikaa, likamsikiliza, likakubali kwamba anayelima ni yeye. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwepo barazani akanyamaza. Karani wa baraza akaandika jina la marehemu, akaweka mkwaju, yaani kile kistari kilichoinama, kisha jina la shangazi. Waliwaandika wajane wote hivyo, ili kila mtu ajue ni nyumba ya nani inayosemwa.

Mimi wakati huo nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini Bukoba, nimepanga chumba Rwamishenye, sijathibitishwa bado kazini. Orodha za vijiji zililetwa kwetu. Tulizipiga upya kwenye karatasi za kawaida, zikapelekwa Dar es Salaam kwenye mashine ya kadi, na mashine ikazirudisha zimechapwa katika jedwali, kwenye karatasi pana zenye matundu pembeni.

Mashine haikujua jedwali. Haikuona mistari ya kusimama kama wewe unavyoiona kwenye daftari. Tuliambiwa kwamba kati ya safu na safu tuweke mkwaju. Namba ya kibanja, mkwaju, anayelima, mkwaju, mwenye nyarubanja, mkwaju, maelezo. Kila ilipokutana na mkwaju, mashine ilihamia safu inayofuata bila kuuliza.

Sasa, je, mkwaju ukiwa ndani ya jina lenyewe, kama kwa wale wajane? Hapo maelekezo yalisema uweke nyota mbele yake. Nyota ilimwambia binti wa kule Dar es Salaam, aliyehamishia maandishi yetu kwenye kadi za mashine, kwamba mkwaju unaofuata ni sehemu ya maandishi, si mpaka wa safu, auingize kama herufi nyingine yoyote. Jedwali likishachapwa, nyota haionekani tena, imemaliza kazi yake.

Wenzangu wawili walikuwa wageni kwenye kazi, na siku ya kwanza walichanganyikiwa. Niliwafundisha kwa mfano niliouchukua kwa shangazi. Kwetu mpaka wa kibanja huonyeshwa kwa mlamula, mti mwembamba wenye majani marefu ambao hata ukiukata huota tena. Ukiona mlamula ujue shamba la mtu limeishia hapo. Lakini shangazi alikuwa amepanda mlamula mmoja katikati ya kibanja, kichwani mwa kaburi la mumewe, na kila mwaka aliufunga kamba mpya ya mgomba kiunoni, ya zamani ikishaoza. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anaufunga.

"Ili asije mtu akadhani ni mpaka," alisema. "Huu si mpaka, mwanangu. Huu ni mtu."

Basi nikawaambia wenzangu: mkwaju ni mlamula, nyota ni kamba ya mgomba. Walielewa palepale. Mmoja akasema afadhali na yeye aandikwe na nyota, maana mchumba wake ana tabia ya kuhamia safu inayofuata. Tulicheka, na kuanzia siku hiyo sikuona kosa katika karatasi zao. Niliwasifu, na walistahili.

Tulipomaliza, mkuu wetu alizipitia zile karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa usafi. Shati lake lilipigwa pasi hata mikunjo ya mfukoni, na barua yenye herufi moja iliyofutwa aliirudisha. Aliinua ukurasa mmoja kwa vidole viwili.

"Ndugu, kuku amepita juu ya hii karatasi?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, sikuharakisha, nikamwonyesha na waraka wa maelekezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema waraka ule uliandikwa kwa ajili ya watu wasiojua kazi, kwamba kule Dar es Salaam wako wasomi, wataona wenyewe jina ni jina, na kwamba yeye hawezi kutia sahihi karatasi zenye uchafu zikaenda mbele ya wakubwa. Tupige upya bila nyota.

Ningeweza kubisha mara ya pili. Nimeifikiria sana hiyo mara ya pili. Nilikuwa sijathibitishwa, chumba kilikuwa cha kupanga, na mkuu alikuwa ameshageukia faili jingine. Nilisema, "Ndiyo, Ndugu," nikarudi mezani.

Ukurasa wa kijiji cha shangazi ulikuwa zamu yangu. Nilipofika kwenye mstari wake vidole vilisimama. Nyota moja katika karatasi nzima, nani angeiona? Ningeweza kuiacha ile moja tu. Lakini wajane walikuwa saba kwenye ukurasa ule, na tulikuwa katika siku za kuambiana kila asubuhi kwamba hakuna cha ndugu kazini, kwamba upendeleo ndio adui. Niliona aibu kumpendelea shangazi yangu. Nikaiondoa ya kwake kama za wengine, tena nikajisikia mwadilifu. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Ilipita miezi. Jedwali lilirudi safi sana, herufi kubwa tupu, na mkuu akalifurahia. Mimi nilitafuta mstari mmoja. Nitauandika hapa jinsi ulivyokuwa, uone mwenyewe. Safu ya namba: namba yake, sawa. Safu ya anayelima: jina la marehemu. Safu ya mwenye nyarubanja: jina la shangazi. Safu ya maelezo: jina la yule mkubwa aliyekuwa akipelekewa mikungu. Na maneno ya baraza, kwamba mjane ndiye anayelima na amekubaliwa, yalikosa safu ya kukaa, yakaachwa nje.

Kwa jedwali hilo, kibanja kililimwa na maiti. Na kabaila aliyekuwa akimnyonya maiti huyo alikuwa shangazi yangu, mwenye kanga mbili na jembe moja.

Nilikwenda kwa mkuu siku ileile. Aliuangalia ule mstari, na nadhani alielewa, maana masikio yake yalibadilika rangi. Akasema tusubiri orodha ya pili, marekebisho yote yatafanywa kwa pamoja. Nikauliza orodha ya pili inakuja lini.

"Ukiandika kwamba kuna kosa, Ndugu, itabidi uandike na aliyelifanya," alisema. "Chini ya kila ukurasa kuna herufi za mpigaji."

Chini ya ule ukurasa herufi zilikuwa zangu. Niliandika hata hivyo, lakini baada ya wiki tatu. Sitazipamba hizo wiki tatu. Niliogopa. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na jibu likaja kwamba marekebisho yanapitia kijijini.

Jumamosi nilipanda basi la Muleba. Nilimkuta shangazi anamenya ndizi, na habari ilikuwa imeshamfikia, maana nakala ya jedwali ilibandikwa kwenye mlango wa ghala la kahawa. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni, nikajua mambo ni mabaya. Kisha akanisimulia ya mtoni kana kwamba ni ya kuchekesha. Wanawake walikuwa wameshapata jina lake jipya. Alipofika na mtungi, mmoja alipiga goti, akamwamkia kama wanavyoamkiwa wakubwa: "Kasinge, waitu, mwenye nyarubanja. Mikungu yetu tuilete leo au kesho?" Na yeye akajibu waipeleke wanakopeleka siku zote, maana yeye kwa ukubwa wake hana hata wa kumtwika mtungi. Walicheka pamoja. Lakini siku ya pili, alisema, walirudia tena, na siku ya tatu hawakuwa wanacheka.

Nikamweleza kisa chote, safu kwa safu, nikichora kwa kisu kwenye ganda la mgomba. Sikumficha mkono wangu. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza alisema, "Kumbe mlifungua kamba."

"Ndiyo, Shangazi."

"Wote saba?"

"Wote saba."

"Basi angalau hukunibagua," alisema. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tusi au msamaha, na sikuthubutu kumuuliza.

Kati ya wale saba, watano walikuwa na watoto wa kiume, na kwao jina la marehemu kwenye safu ya anayelima halikuleta vita. Watoto walirithi, mama wakabaki. Wa sita alikwishafariki. Aliyebaki ni shangazi. Shemeji yake, yule aliyenyamaza barazani, sasa alikuwa na jedwali la serikali lililosema anayelima ni kaka yake, na kaka akifa bila mtoto wa kiume kila mtu anajua nani anafuata. Hakuhitaji hata kusema uongo.

Siku baraza lilipokuja kukikagua kibanja niliomba ruhusa kazini, nikasema naumwa. Tulisimama chini ya migomba, baraza, shemeji na wanawe, sisi wawili. Nilileta nakala ya karatasi ya kwanza, ile yenye nyota, na nikawaeleza. Niliwahi kueleza mambo mengi maishani, lakini sikuwahi kueleza vizuri kama siku ile. Nilitumia mlamula na kamba. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe ndiye aliyempitisha shangazi mara ya kwanza, alisema ameelewa kila neno.

"Lakini mwanangu," akasema, "hii yako imepigwa kwa taipu. Ile imetoka kwenye mashine, Dar es Salaam. Mashine haina shemeji wala shangazi. Mimi nikiandika kwamba imekosea, nitaulizwa nimesoma wapi."

Ndipo shemeji akajifanya mtu wa huruma. Alisema hataki watu waseme amemfukuza mke wa kaka yake. Atamwachia nyumba na sehemu ya chini, yeye achukue ya juu, yenye mibuni. Mwenyekiti alifurahi kupata njia. Akauliza mpaka upite wapi, maana siku hiyo hakuna aliyekuja na miche ya kupanda.

Shemeji alinyoosha mkono. "Si ule pale? Umeshapandwa tayari."

Alikuwa akionyesha kaburi. Mlamula ulikuwa umesimama palepale pa siku zote, kamba ya mgomba kiunoni, mpya, ya mwaka ule. Hakuna asiyejua kijijini ule ni mti gani. Nilimtazama mwenyekiti, naye akatazama daftari lake. Karani akaandika. Walivuta kamba ya kupimia kukatiza kibanja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, ikapita kichwani mwa marehemu, na miguu yake ikabaki upande wa shangazi.

Nilifungua kinywa kueleza tena. Shangazi alinishika kiwiko.

"Umeeleza vizuri," aliniambia. "Walielewa."

Walipoondoka aliingia ndani, akatoka na kisu kile cha kumenyea ndizi. Nilidhani anakwenda kukata majani ya kufunikia chakula. Alikwenda kaburini, akainama, akaikata ile kamba kiunoni mwa mti, akaikunja mkononi mara mbili tatu kama mtu anayekunja uzi ambao bado una kazi.

"Shangazi, kwa nini?"

"Si umesikia? Umekuwa mpaka," alisema. "Sitaki watu waje hapa wasome kitu ambacho si kweli."

Akaenda nayo jikoni, akaitia motoni chini ya ndizi. Ilikuwa bado mbichi, ikatoa moshi mwingi, tukala chakula cha mchana macho yakitutoka machozi sote wawili, na hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake kwa nini.